Dola Kumi na Tisa kwa Saa

Hapa Zeeland wananiita mkono wa birika, na wanaoniita hivyo nao ni mikono ya birika vilevile. Sisi watu wa Michigan magharibi, vizazi vya Waholanzi, ubahili kwetu si tabia mbaya, ni malezi. Mke wangu Arlene huosha mifuko ya plastiki akaianika kambani pamoja na soksi. Mimi nina kopo la misumari iliyopinda, liko gerejini mwaka wa kumi na tano huu, nangoja siku nitakayopata nafasi ya kuinyoosha. Sasa mtu kama mimi, asubuhi moja ya mwezi wa nne, nakunywa kahawa yangu kwa amani, binti yangu ananiwekea mezani karatasi yenye deni la dola elfu tisini na mbili. Kahawa ilinipalia mpaka Arlene akaja kunipiga mgongoni.

Mtoto wetu ni huyo mmoja tu, Joline, miaka kumi na minane. Alikuwa amekubaliwa kusomea usanifu wa michoro katika Chuo cha Halloway, Chicago. Alinieleza kwa utulivu, utadhani wakala wa bima. Masomo ni miaka minne. Chuo kimempunguzia ada karibu nusu kwa ajili ya kipaji chake. Sisi tungetoa kile tulichomwekea benki tangu azaliwe. Kilichobaki ni mkopo: elfu ishirini na saba serikali ingemkopesha yeye mwenyewe, na elfu sitini na tano zingetoka benki, ila benki haimkopeshi mtoto wa shule bila mdhamini. Mdhamini maana yake mimi. Asipolipa yeye, nalipa mimi, na nikishindwa mimi, wanakuja kuitazama nyumba. Sahihi yangu ilitakiwa kabla ya tarehe mosi Mei, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine.

Nikasema hapana. Nikamwambia chuo kipo hapa hapa kwetu, dakika ishirini kwa gari, atalala kitandani kwake, atakula supu ya njegere ya mama yake, na atasomea uhasibu. Mhasibu hakosi kazi hata dunia ikiungua, maana lazima awepo mtu wa kuhesabu majivu. Joline hakulia wala hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alisema tu kwamba kama nina sababu, nimpe kwa hesabu, nisimpe kwa sauti.

Haya, hesabu. Mimi nina duka la kuchapa mabango, linaitwa Wierenga na Mwana. Mwana ndiye mimi, Lambert, na baba yangu alishafariki, lakini kubadilisha kibao cha mlangoni ni gharama. Mwezi wa nne na wa tano ndio mavuno yetu. Kila familia yenye mtoto anayemaliza shule hutaka kibao cha kuchomeka kwenye nyasi mbele ya nyumba, chenye picha ya mtoto na jina la chuo anachokwenda, majirani wapite wasome na roho ziwaume. Nachapa mia sita kwa msimu. Wengine hununua kibao kikubwa kuliko cha jirani, nami siwakatazi.

Anayevisanifu vyote ni Roz Pruitt, mwanamke wa miaka thelathini, mpole, mwenye miwani ya kijani, yuko nami mwaka wa sita. Na huyu Roz, sikiliza vizuri, alisoma Halloway. Usanifu wa michoro. Chuo kile kile, masomo yale yale.

Serikali ina tovuti inayoonyesha wahitimu wa kila chuo wanadaiwa kiasi gani na wanalipwa kiasi gani. Kwa usanifu wa Halloway waliandika mshahara wa elfu arobaini na nne kwa mwaka. Nikaona hiyo imetiwa chumvi. Ya nini kuhangaika na takwimu za Washington wakati mhitimu mwenyewe amekaa hatua nne kutoka mezani kwangu? Roz namlipa dola kumi na tisa kwa saa. Zidisha kwa saa arobaini, zidisha kwa wiki hamsini na mbili, unapata elfu thelathini na tisa, mia tano na ishirini. Huo ni ushahidi safi, na hundi zake nimeziandika kwa mkono wangu.

Ijumaa nikamwomba Roz anisanifie bango la futi sita kwa matumizi ya nyumbani. Maneno nilimpa: SHAHADA YA USANIFU, DENI 92,000, MSHAHARA 39,520. Akayasoma mara mbili. Akaniuliza kama rangi anachagua mwenyewe, nikamwambia achague. Msichana yule ana mkono, sikatai. Deni aliliweka kubwa, jekundu, limejaza karibu bango zima, na mshahara akaubana pembeni chini, mweusi, mdogo, peke yake katikati ya weupe, ukiutazama unaona huruma. Nilifurahi sana. Nikalichapa kwenye mabaki ya turubai ili lisinigharimu kitu.

Nikalibandika ukutani kwenye chumba cha kulia. Arlene aliuliza swali moja tu, kama gundi itabandua rangi ya ukuta. Joline alilitazama kwa muda mrefu akiwa amekunja mikono, kisha akasema limepangwa vizuri. Sikutegemea jibu hilo. Nikaona bango peke yake halitoshi, hapa panahitajika shahidi. Basi nikamwalika Roz aje kula nasi Jumapili baada ya ibada, aje amwambie mtoto ukweli wa maisha.

Roz akaja na maua. Arlene alikuwa ameoka paja la nguruwe kama kila Jumapili, na viazi, na maharage mabichi. Roz alikula viazi na maharage, nyama hakuigusa. Nikadhani anaona haya mbele ya bosi wake, nikamsukumia sahani karibu zaidi. Akashukuru, akaongeza maharage.

Nikaanza kumhoji. Alikopa kiasi gani? Elfu sabini na moja. Amelipa miaka minane, bado anadaiwa ngapi? Elfu hamsini na nane. Kwa mwezi? Mia nne na sitini. Anaishi wapi? Juu ya duka la kufulia nguo, chumba kimoja, mashine zikianza kuzunguka hata vikombe vyake vinatembea mezani. Gari? Mlango wa dereva haufunguki, anaingilia upande wa abiria. Kila jibu lilikuwa tamu kuliko lililotangulia. Nilikuwa nakata nyama huku nikitikisa kichwa kwa masikitiko, na moyoni nachekelea.

Joline alisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akaweka uma chini.

"Dada Roz, na hiyo kumi na tisa kwa saa," akauliza, "anayekulipa ni nani?"

Roz akanitazama. Arlene akanitazama. Mimi nikatazama viazi.

"Si ndiye huyo hapo," Roz akasema. "Anakata nyama."

Sasa nikwambie kitu. Huyu mtoto amekaa kwenye kaunta ya duka langu likizo tatu za kiangazi, na orodha ya bei anaijua kuliko anavyojua Amri Kumi. Akachukua karatasi ya ratiba ya ibada, akaigeuza nyuma, akachomoa penseli nywelini. Usanifu, duka linamtoza mteja dola themanini na tano kwa saa. Saa za Roz zinazoingia kwenye ankara, kwa wastani, ishirini na tano kwa wiki. Hiyo ni elfu mbili mia moja ishirini na tano. Roz anaondoka na mia saba na sitini. Akaizungushia duara, akanisogezea karatasi karibu na chupa ya haradali.

"Ulitaka nisome uhasibu, baba," akasema. "Haya, nimeanza."

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Nikasema kuna kodi ya jengo, kuna wino, kuna bima, kuna mashine ya kuchapa inayokula umeme kuliko kiwanda. Na hayo yote ni kweli. Nikasema sikumlazimisha mtu, hivi ndivyo soko lilivyo. Joline akasema soko lenyewe analijua, mlangoni limeandikwa Wierenga na Mwana. Arlene akainamia kitambaa chake cha mezani, mabega yakawa yanatikisika, na hakuwa analia.

Nikamgeukia Roz anitetee. Mtu ukimpa kazi miaka sita, unategemea neno moja jema. Nikamwambia hajawahi kulalamika kuhusu hiyo themanini na tano, huenda hata hakuwa anaijua.

"Orodha ile niliisanifu mimi, bosi," akasema taratibu. "Ile themanini na tano uliniambia niikuze, watu waione kutoka mlangoni. Mwaka wa pili nikaomba nyongeza, ukanipa paja la nguruwe la Krismasi kama kila mwaka. Mwaka wa nne nikaomba tena, ukanipa paja kubwa zaidi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema, na siku ile nguruwe alikuwa mezani na mkuki ulikuwa ubavuni mwangu. Arlene akachukua mkoba wake, akatoa peremende anazobeba kwa ajili ya mahubiri, akatugawia kila mtu moja. Kwetu peremende ikipita, mjadala umekwisha. Tulizimung'unya wote wanne tukitazama bango.

Jumapili hiyo ndipo nilipoanza kukosa raha. Kila nikikaa kula, namba ile ndogo nyeusi iko mbele yangu. Nilikuwa nimeshinda hoja, shahidi amekiri kila kitu. Lakini ili niendelee kushinda, ilinibidi Roz aendelee kupanda gari kwa mlango wa abiria. Nikimwongeza, bango langu linakuwa la uongo. Nisipomwongeza, bango ni la kweli na mimi ni mtu mbaya. Nililifikiria hilo hata nikiwa nakata mboga, na nikajikata kidole.

Jumatatu Roz akaniletea barua. Aliomba dola thelathini kwa saa. Akaniambia wazi kwamba duka moja la Hudsonville, mji wa jirani, wamempa ahadi ya ishirini na tisa, ila angependa kubaki, kwa kuwa mashine yetu ameizoea. Nikamwambia tuzungumze msimu ukiisha. Akasema sawa, na kwa kuwa ana siku saba za likizo alizolimbikiza, atazichukua kuanzia kesho. Nikamwambia aende tu, akapumzike. Nilifikiri moyoni, kuchora ni kuchora tu, mimi nimekulia kwenye duka hili.

Ndipo nikafanya kile kitendo ambacho mpaka leo kanisani hakijasahauliwa.

Kanisa letu lilikuwa linatimiza miaka mia moja na kumi. Walitaka bango la futi ishirini la kutundika juu ya mlango, lenye picha ya Mchungaji Ten Harmsel upande mmoja na maua ya tulipu upande mwingine. Roz angekuwapo angelimaliza kabla ya chai ya saa nne. Mimi nilikaa nalo siku mbili. Na nilipoona futi ishirini za turubai, roho ikaniuma. Nikawaza, kwa nini mchungaji akae kwake na maua yakae kwake, katikati pabaki weupe wa bure unaolipiwa? Nikayasogeza maua nyuma ya mchungaji. Futi mbili nzima zikapungua. Nikajipongeza, nikachapa, nikapanda ngazi Jumamosi nikalitundika mwenyewe.

Jumapili asubuhi jua lilikuwa kali, bango likaonekana kutoka barabara kuu. Mchungaji Ten Harmsel ni mtu mwenye upara mzuri sana, unang'aa. Kutoka kwenye upara huo, kulia na kushoto, yalichomoza majani mawili ya tulipu, marefu, yamepinda kwa juu na ncha zake kali. Kila mtu aliyeshuka kwenye gari alisimama. Hakuna aliyesema neno, maana watu wetu hawasemi. Waliingia ndani, na kabla hata ya wimbo wa kwanza nikasikia peremende zinafunguliwa kanisa zima.

Mchungaji mwenyewe aliliona. Alihubiri kuhusu kumpinga shetani, mahubiri aliyoyatangaza tangu wiki iliyopita, maskini, hakuwa na namna ya kuyabadilisha. Baada ya ibada, kwenye kahawa, Bibi Hendrika Slagh, mwenye miaka tisini na mbili na asiyesikia vizuri, hivyo huongea kwa nguvu, akanishika mkono.

"Lambert, mwanangu," akasema, "mchungaji amekukosea nini?"

Kulichapa upya kungekula futi ishirini nyingine, kwa hiyo nilipanda ngazi na utepe mweupe wa gundi nikaziba pembe za mchungaji. Sasa mchungaji akawa kama aliyefungwa bandeji baada ya ajali, na simu zikaanza kuingia nyumbani watu wakiuliza kama amelazwa. Rahisi ni ghali, hilo baba yangu alinifundisha, nami nililisahau kwa ajili ya futi mbili.

Kwenye ngazi ile, nikiwa nimeshika utepe, Joline alikuwa chini amenishikia ili nisianguke. Hakunicheka. Aliniambia tu kwamba Roz angeweka mchungaji kulia, maua kushoto, na ule weupe wa katikati ndio unaolipiwa.

Jumatatu nikaenda kwa Roz. Miaka sita, na sikuwahi kufika kwake. Nilipanda ngazi za nje, chini mashine za kufulia zinavuma, akanifungulia mlango na kikombe mkononi. Vikombe vingine kweli vilikuwa vinatembea mezani. Nikamweleza habari za bango. Alikuwa ameshaziona, mtu alimtumia picha, na kwa uso wake nilijua alikuwa amecheka mpaka akamaliza.

Nikamwambia nimeleta jibu la barua yake. Nikaanza na ishirini na mbili. Akanywa chai. Nikasema ishirini na tano. Akaenda dirishani kuyanyunyizia maua maji. Nikasema ishirini na saba, na paja la nguruwe la Krismasi nitaliongeza ukubwa.

"Bosi," akasema, "mimi sili nyama. Tangu nikiwa chuoni."

Nilikaa kitini. Kila Krismasi moja, mapaja sita. Nikakumbuka na ile Jumapili, sahani niliyokuwa namsukumia. Nikamuuliza, na yale mapaja yote aliyapeleka wapi? Akasema humpa mwenye nyumba, naye humpunguzia kodi ya Desemba dola ishirini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nikiwa mtoto. Mtu amekaa nami miaka sita, sijui anakula nini, na nilimleta nyumbani kwangu kuonyesha umaskini wake kwa mwanangu, umaskini ambao nusu yake nimeupika mimi.

"Thelathini," nikasema.

"Thelathini," akasema, "na mapaja yakome."

Tukapeana mikono. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa na aibu imeshaniingia, nikamuuliza kile nilichopaswa kumuuliza Jumapili ile badala ya yale maswali yangu ya mahakamani. Nikamuuliza kama anajuta. Alifikiri kwanza. Akasema deni analijuta kila tarehe tano ya mwezi, siku wanapomkata. Kusoma hajajuta hata siku moja. Akaongeza kwamba angekuwa analipwa thelathini tangu mwanzo, deni lingekuwa limebaki kidogo. Hakulisema kwa kunichoma, na ndiyo maana lilinichoma.

Nikapitia dukani. Nikatafuta kipande cha turubai, nikachapa namba moja tu. Dola thelathini, mara saa arobaini, mara wiki hamsini na mbili, ni elfu sitini na mbili na mia nne. Nyumbani nikakuta Joline anafanya kazi zake za shule kwenye meza ya kulia, chini ya bango. Nikapanda kiti, nikabandika 62,400 juu ya 39,520. Kipande kilikuwa kikubwa kidogo, kikakaa upande. Bango jipya lingekuwa gharama.

Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Imepandaje hiyo?" akauliza.

"Nimeipandisha mimi."

"Ya Roz?"

"Ya Roz."

Nikashuka, nikakaa mbele yake. Tarehe mosi ilikuwa Alhamisi. Fomu ya benki ilikuwa chini ya bakuli la matunda, imekaa hapo wiki tatu na ndizi zimeiachia alama. Niliivuta nikaisoma tena, kila mstari, hata yale maandishi madogo ambayo Roz angesema yamefanywa madogo kwa makusudi. Deni halikupungua hata senti kwa sababu mimi nimepata aibu. Tisini na mbili ni tisini na mbili.

"Joline," nikasema, "nilidhani naogopa chuo. Siogopi chuo. Naogopa utamaliza, utatoka huko na hilo deni, halafu uangukie mikononi mwa mtu kama mimi."

Macho yakamjaa maji, mara ya kwanza tangu aniwekee karatasi ile mezani.

"Watu kama wewe nawajua, baba," akasema. "Nimekaa kaunta yako miaka mitatu. Kwanza nitawauliza wanamtoza mteja ngapi."

Nikatia sahihi. Sahihi yenyewe ilitoka mbaya, Arlene akasema benki wataikataa. Hawakuikataa. Benki haikatai sahihi ya mtu mwenye nyumba. Niliweka sharti moja, kwamba kila kiangazi arudi kufanya kazi dukani ili tupunguze deni kabla halijanenepa. Joline akauliza kwa kiasi gani kwa saa. Nikasema tutaona. Akachukua penseli nywelini. Nikasema haraka kwamba itakuwa ishirini na mbili, na akimaliza mwaka wa pili tutaongeza, na Arlene akaandika hayo kwenye kalenda ili nisiyasahau.

Ikabaki kibao. Mimi, niliyechapia mji mzima, nyasi zangu zilikuwa tupu, na majirani walishaanza kuulizana kama mtoto wa Wierenga amekosa chuo. Ijumaa jioni nikamwomba Roz anisaidie kusanifu cha Joline, akifanye nyumbani kwake Jumamosi, dukani tuna foleni ya watu. Akakubali mara moja. Jumapili tukakichomeka. Kilikuwa kidogo kuliko cha jirani. Picha ya Joline imekaa kulia anacheka, jina la chuo kushoto, na katikati weupe mwingi, hauna kitu, na kila gari lililopita lilipunguza mwendo. Arlene alilia waziwazi, na mimi nilijifanya nakaza mguu wa kibao ardhini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu nikakuta bahasha juu ya meza yangu. Ndani mna ankara, imepangwa vizuri, ile aina ya herufi ninayoipenda. Roz Pruitt, usanifu wa kibao kimoja, saa moja, dola themanini na tano. Nikamwita, nikamwambia lazima kuna makosa, tumekubaliana thelathini.

"Thelathini ni saa zako, bosi," akasema. "Jumamosi ilikuwa yangu."

Nilisimama na ile karatasi. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na hoja ya mfanyakazi, na hoja ya jirani, na hoja ya Mkristo mwenzangu. Nikageuka nikaitazama orodha ya bei ukutani, ile namba kubwa inayoonekana kutoka mlangoni.

Nikatoa kitabu cha hundi nikamwandikia themanini na tano. Punguzo sikuomba.